Pima kwanza, nunua baadaye: Gharama ya kubahatisha sensa za magari Kagera

Probox ikizimika mlimani, kwenye barabara inayopanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, kila anayeshuka huwa na jibu lake. Mmoja atasema ni mafuta machafu. Mwingine atasema ni pampu. Wa tatu, aliyewahi kumiliki gari, ataapa kuwa ni koili. Dereva atafungua boneti, atatikisa waya wa betri, atasubiri. Baada ya nusu saa hivi injini itawaka vizuri kabisa, abiria watapanda na safari itaendelea. Kesho yake gari litazima tena, karibu na palepale.

Wiki hiyo dereva atabadilisha pampu ya mafuta. Wiki inayofuata atabadilisha plagi, kisha koili, na kila mara gari litaonekana limepona kwa siku mbili tatu. Mwishowe atatokea fundi atakayefungua boliti moja tu karibu na puli ya krenki, atoe kifaa kidogo chenye waya mbili, kiitwacho sensa, aweke kingine, na ugonjwa ukome. Kumbe pampu ilikuwa nzima. Plagi zilikuwa nzima. Koili ndiyo usiseme. Mwenye gari amenunua vifaa vitatu ambavyo hakuvihitaji ili akifikie cha nne alichokihitaji.

Mambo haya hutokea kila siku katika gereji za Bukoba na Muleba, na hayatokei kwa sababu mafundi wetu hawana mikono mizuri. Wengi wao wana mikono ya dhahabu. Yanatokea kwa sababu magari yamebadilika, na desturi yetu ya kutafuta ubovu kwa kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine haijabadilika. Ninachosisitiza leo ni kimoja: sensa haibadilishwi kwa kukisia. Hupimwa kwanza, na kipimo hicho kina thamani ya kulipiwa.

Kifaa kidogo, kazi kubwa

Zamani injini ya petroli ilikuwa na kabureta na platini, na fundi mwenye sikio zuri aliweza kuirekebisha kwa bisibisi. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme katika Volkswagen 1600, na tangu hapo kazi ya kupima hewa, joto na mwendo wa injini ikaanza kuhamia kwa vifaa vya umeme. Mwaka 1976 ikaja sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, iliyoanza kutumika katika magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani. Leo Probox, IST, Vitz, Premio au RAV4 yoyote inayopita mzunguko wa Rwamishenye ina kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo haioni wala haisikii kitu chochote isipokuwa kile inacholetewa na sensa.

Tuirudie Probox yetu. Toyota ilianza kuuza gari hili mwaka 2002, na nyingi zilizopo kwetu zina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, injini ileile iliyomo katika IST na Corolla nyingi. Kwenye ncha ya krenkishafti yake kuna sahani ya chuma yenye meno 34. Ingekuwa na meno 36, lakini mawili yameachwa makusudi. Sensa ya krenki, ambayo ndani yake ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, imekaa mbele ya meno hayo. Kila jino linapopita, umeme kidogo huzaliwa katika waya ule. Pale penye pengo la meno mawili, kompyuta hujua pistoni zimefika wapi, na kutokana na hapo huamua plagi ipi itoe cheche na nozeli ipi imwage mafuta.

Alama hiyo ikikatika, kompyuta huamini kuwa injini imesimama. Hukata cheche. Hukata nozeli. Na kwa ajili ya usalama hukata hata umeme wa pampu ya mafuta, ili gari lililopata ajali lisiendelee kumwaga petroli. Hapo ndipo dereva na fundi hupotea njia: wanasikiliza pampu, hawaisikii ikilia, wanahukumu kuwa imekufa. Pampu haijafa. Imeamriwa inyamaze.

Na kwa nini gari huwaka likipoa? Waya ule mwembamba ndani ya sensa huzeeka. Injini ikipata moto mkali mlimani, waya hutanuka na mahali ulipopasuka huachana. Ikipoa, ncha mbili hugusana tena. Ndiyo maana gari hili litakwenda mjini Bukoba siku nzima bila tatizo, likipakia mizigo na kupanda kwenda Kamachumu au Nshamba likazima. Dalili ya kuzima kwenye joto na kuwaka kwenye ubaridi inaelekeza kwenye sensa ya krenki kuliko kwenye pampu, ingawa bado ni dalili tu. Hata koili na rilei huweza kufanya vivyo hivyo. Lazima kupima.

Taa ya cheki injini inasema nini hasa

Kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye umbo la injini. Ikiwaka na kubaki imewaka, kompyuta imeona hitilafu na imeandika msimbo wake. Ikiwa inawakawaka wakati gari liko mwendoni, mara nyingi maana yake injini inamisi kiasi cha kuunguza katalisti iliyo kwenye bomba la moshi. Hapo dereva apunguze mwendo na asimame mahali salama. Taa nyekundu ya oili ni jambo jingine kabisa: ikiwaka, zima injini palepale.

Marekani ililazimisha magari yote mapya kuanzia modeli za mwaka 1996 yawe na soketi moja ya aina moja, yenye pini 16, na misimbo inayofanana. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na Japani ikapita njia hiyo hiyo hatua kwa hatua. Soketi hiyo huwa chini ya usukani. Mashine ya kupimia, hata ile ndogo inayounganishwa na simu, huchomekwa hapo na kuleta msimbo kama P0335, ambao ni wa sensa ya krenki, au P0340 wa sensa ya kemshafti, au P0171 unaosema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta.

Toyota za miaka ya 1990 bado zipo nyingi barabarani kwetu, na nazo husema bila mashine. Ndani ya boneti kuna kiboksi cha uchunguzi. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, anawasha swichi bila kuwasha injini, kisha anahesabu jinsi taa ya cheki injini inavyopepesa. Kupepesa mara mbili, kutulia, halafu mara mbili tena ni 22: sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni, 41 ni sensa ya throto, 52 ni sensa ya kugonga kwa injini. Fundi wa Muleba asiye na mashine yoyote anaweza kufanya hivi kwa waya wa urefu wa kidole. Awe mwangalifu tu asikosee matundu.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Msimbo P0335 hausemi kuwa sensa ya krenki imekufa. Unasema kompyuta haipati alama inayotakiwa kutoka kwenye njia ya sensa hiyo. Njia hiyo ina sensa, soketi yake, waya zinazopita juu ya injini, waya wa athi, na kompyuta yenyewe. Waya mmoja ukiliwa na panya, msimbo utakaokuja ni uleule. Kadhalika P0171: mafundi wengi wakiuona hukimbilia sensa ya oksijeni, wakati sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa ya kweli kuwa kuna hewa nyingi. Ubovu unaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya kisafishio, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu iliyochoka. Ukibadilisha sensa ya oksijeni hapo, umemfukuza aliyekupa habari.

Ndiyo sababu tabia ya kuchomoa betri ili taa izime ni ya kuachwa. Waya ukitoka kwenye betri, kompyuta husahau msimbo, na pamoja nao husahau kumbukumbu ya hali ya injini wakati ubovu ulipotokea: joto lilikuwa ngapi, mwendo ulikuwa upi, injini ilikuwa inabeba mzigo kiasi gani. Taarifa hiyo ndiyo fundi anayoihitaji. Mtu akufutie taa baada ya kuandika kila kitu kwenye karatasi, si kabla.

Namba za Bukoba si namba za pwani

Kuna jambo moja ambalo kila fundi wa Kagera anapaswa kulijua kwa moyo, nalo ni kwamba tunaishi juu. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Muleba inapanda zaidi ya hapo. Shinikizo la hewa la Bukoba ni pungufu ya lile la Dar es Salaam kwa karibu asilimia 13.

Washa swichi ya gari lenye sensa ya shinikizo la hewa bila kuwasha injini, kisha soma kwenye mashine. Dar es Salaam utaona karibu kilopaskali 101. Bukoba utaona karibu 88. Fundi aliyejifunza pwani, au aliyesoma kwenye kitabu kuwa namba sahihi ni mia moja, ataiona 88 na kusema sensa imeanza kufa. Si kweli. Sensa hiyo inasema kweli kuhusu mahali ilipo. Kamachumu itasoma chini kidogo zaidi, na bado itakuwa nzima. Sensa ya kutiliwa shaka hapa ni ile inayosoma 101 ukiwa Bukoba.

Maji nayo hivyo hivyo. Sensa ya joto la maji hupimwa vizuri kwa sufuria na jiko. Ukiitoa kwenye injini, uizamishe ncha yake katika maji pamoja na kipimajoto, kisha uunganishe multimita kwenye pini zake mbili. Kwenye Toyota nyingi, maji yakiwa na nyuzijoto 20, ukinzani huwa kati ya kiloomu 2 na 3. Yakifika nyuzijoto 80, hushuka hadi kati ya 0.2 na 0.4. Ushukaji uwe laini, bila kuruka wala kukatika. Yakichemka, kipimajoto cha Bukoba hakitafika 100: maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi kwa sababu ya huo urefu. Anayesubiri mia atasubiri mpaka sufuria ikauke.

Hata bila kuitoa sensa, kuna kipimo cha asubuhi kisichogharimu kitu. Gari likiwa limelala nje usiku kucha, chomeka mashine kabla ya kuwasha injini na ulinganishe joto la maji na joto la hewa inayoingia. Injini baridi haina sababu ya kuwa na namba mbili zinazotofautiana sana. Moja ikisema 19 na nyingine 45, kuna mwongo. Ikisema 40 chini ya sifuri, njia imekatika mahali fulani, maana Bukoba haijawahi kuona baridi hiyo. Ikisema 140 injini ikiwa baridi, waya zimegusana.

Sensa ya joto la maji iliyoharibika hula fedha polepole. Ikiiambia kontroli boksi kuwa injini ni baridi wakati wote, mafuta yatamwagwa mengi kama ya asubuhi. Moshi utakuwa mweusi, plagi zitajaa masizi, gari litakuwa gumu kuwaka likiwa na moto. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na bei ya Bukoba huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa kuwa gharama ya kusafirisha hadi huku huongezwa humo. Lita inayopotea Kagera inauma kuliko lita inayopotea bandarini.

Mvua, vumbi, panya na silikoni

Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho mikoa mingi ya Tanzania haikioni. Maji hayo hutafuta nafasi kwenye soketi ambazo mipira yake imekauka au klipu zimevunjika. Ukifungua soketi ya namna hiyo utakuta pini zimeota kutu ya kijani. Sensa ni nzima, waya ni mzima, ila umeme haupiti. Kusafisha pini kwa dawa ya kusafishia viunganishi, kuzikausha na kurudishia mpira kunatosha, na hakuna kilichonunuliwa zaidi ya kopo la dawa. Wanaoosha injini kwa maji ya presha nao wajue kuwa wanafanya kazi ya masika nzima kwa dakika kumi.

Kiangazi, barabara za vumbi jekundu za vijijini huleta shida nyingine. Sensa ya hewa iliyo nyuma ya kisafishio ina waya mwembamba unaopashwa moto, na hewa inayopita huupoza. Kompyuta hupima umeme unaohitajika kuurudishia joto, na hivyo kujua hewa iliyoingia ni kiasi gani. Vumbi likiuvisha waya huo koti, sensa husema hewa ni kidogo kuliko ilivyo, gari hukosa nguvu mlimani, na msimbo P0171 huja. Sensa hii mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Inahitaji kupulizwa dawa yake maalumu na kuachwa ikauke. Usiiguse kwa kidole, usiifute kwa kitambaa, wala usiioshe kwa petroli. Kisha badilisha kisafishio cha hewa, la sivyo vumbi litarudi mwezi ujao.

Panya ni tatizo la kweli kwa gari linalolala karibu na migomba au ghala la mazao. Waya uliotafunwa huonekana ukiufuata kwa taa kutoka sensa hadi kontroli boksi. Kuunga kwa kusokota na kuzungushia solotepu ni kukaribisha kutu. Muungo uchomwe kwa lehemu na kufunikwa kwa mpira unaobana ukipashwa moto.

Na kuna hili la silikoni. Mafundi wetu hupenda kuzibia mafuta yanayovuja kwa silikoni ya tyubu. Mvuke wa baadhi ya silikoni huingia kwenye injini, ukaungua, ukaivisha sensa ya oksijeni unga mweupe unaoiziba kabisa. Zamani risasi ndiyo iliyoua sensa hizi, mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Leo tunaziua wenyewe kwa tyubu isiyo sahihi. Dukani uliza silikoni ambayo imeandikwa kuwa haidhuru sensa.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Sasa tuifanye kazi ya ile Probox kama inavyopaswa kufanywa. Fundi husoma msimbo na kuuandika. Kisha huacha mashine ikiwa imechomekwa, anafungua ukurasa wa takwimu za injini, na mtu mwingine anazungusha staa wakati gari limegoma kuwaka. Aangalie mzunguko wa injini. Ukisoma karibu 200, alama ya krenki inafika, na atafute ubovu kwingine. Ukisoma sifuri huku injini inazunguka kwa macho, alama haifiki. Dakika moja tu, na tayari pampu, plagi na koili zimetoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Hatua ya pili ni soketi. Aichomoe kwa kubonyeza klipu, si kwa kuvuta waya. Aangalie kutu, mafuta, pini iliyorudi nyuma. Kisha apime ukinzani wa sensa yenyewe kwa multimita. Kwa injini ya 1NZ-FE, sensa baridi husoma kati ya omu 985 na 1,600, na yenye moto kati ya 1,265 na 1,890. Injini nyingine zina namba zake, na fundi asichukue za Probox akahukumu nazo gari la Nissan.

Sensa inayokufa kwenye joto itasoma vizuri ikiwa baridi, na hapo wengi huiachia. Kwa hiyo apime gari likiwa limezima lenyewe kwa joto, palepale. Au aitoe sensa, aifunge ndani ya mfuko wa plastiki ulio mkavu, aizamishe kwenye maji ya moto na kuendelea kupima. Multimita ikiruka ghafla na kuonyesha njia imekatika, ushahidi umekamilika. Ikibaki imetulia, apime waya kutoka soketini hadi kontroli boksi: kila waya usome chini ya omu moja, na usiguse bodi.

Sensa ikithibitika kuwa mbovu, kazi ya kuibadilisha ni fupi kuliko kazi ya kuithibitisha. Toa waya hasi wa betri. Ukilazimika kuingia chini, gari likalie stendi, si jeki peke yake. Kwanza safisha uchafu unaoizunguka sensa, kwa sababu tundu lake linaingia ndani ya injini na mchanga utakaodondoka humo hautoki. Fungua boliti namba 10. Zungusha sensa taratibu kushoto na kulia, kisha ivute. Itazame ncha: ikiwa imejaa unga wa chuma, injini yenyewe ina jambo la kusema, na oili ichunguzwe.

Linganisha mpya na ya zamani kwa urefu, umbo la soketi na idadi ya pini. Paka oringi oili safi ya injini. Isukume kwa mkono mpaka ikae. Isipoingia, iangalie upya. Kuigonga kwa nyundo ni kuivunja, na hata ikiingia imepinda, nafasi kati yake na meno itakuwa si sahihi. Boliti ikazwe kwa kiasi, maana kava ni la aluminiamu. Rudisha waya kwenye kishikio chake ili usiguse mkanda wala bomba la moshi. Futa msimbo, kisha nenda ukalijaribu gari kwenye mlima uleule, likiwa na moto uleule. Gari lililozimia Kamachumu haliponi kwa kuzungushwa uwanjani.

Spea iko mbali, kwa hiyo usikosee

Kwa mwenye gari wa Dar es Salaam, kununua sensa isiyohitajika ni hasara ya nusu siku: anarudi Kariakoo. Kwa mwenye gari wa Muleba ni hesabu nyingine. Bidhaa isipopatikana Bukoba mjini, itaagizwa Mwanza na kuvuka ziwa kwa meli, au itapanda basi kutoka Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,400, au itatoka Kampala, kilomita kama 300, kupitia mpaka wa Mutukula. Muda wote huo gari limesimama, na kwa familia inayolitegemea kubeba ndizi, kahawa au abiria, kusimama ni kukosa chakula.

Umbali huo huo ndio unaofungulia mlango spea bandia. Kampuni kama Denso ya Japani hutengeneza sensa nyingi za Toyota, na jina lake huigwa. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa, namba ya kifaa isiyolingana na ile iliyochongwa kwenye sensa ya zamani, plastiki nyepesi yenye kingo za kukwaruza: hizi ni ishara. Namba ya kifaa ndiyo mwongozo wa kweli, kuliko jina la gari. Anayeuziwa bandia anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, na risiti ndiyo silaha yake.

Sensa ya mtumba iliyotolewa kwenye injini ya Japani si haramu, na mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bandia. Lakini nayo ipimwe pale dukani, baridi na moto, kabla fedha haijatoka. Muuzaji anayekataa kifaa chake kipimwe ameshakujibu.

Maswali ya mwenye gari

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi. Anahitaji maswali machache, yaulizwe kwa heshima. "Fundi, msimbo umesoma namba gani?" "Umepima nini, na imesoma ngapi?" "Ilitakiwa isome ngapi?" Fundi aliyepima atajibu bila kuchukia, tena kwa furaha, kwa sababu ni nadra kuulizwa kuhusu kazi yake ngumu. Mwenye gari aombe pia arudishiwe kifaa cha zamani.

Na anayenunua gari lililokwisha kutumika afanye hivi kabla ya kulipa: azungushe swichi bila kuwasha injini na aangalie dashibodi. Taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano mtu ametoa balbu au amekata waya ili kuficha ugonjwa.

Tulipe kipimo

Muleba inalijua somo hili vizuri kuliko wilaya nyingi, kwa njia ya hospitali. Kulikuwa na wakati kila homa iliitwa malaria na kupewa dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vikafika hadi zahanati za vijijini. Mama wa Rubya leo hashangai mwanawe akitobolewa kidole kabla ya kupewa dawa. Hakubali vinginevyo.

Gereji zetu zinahitaji kufika hapo, na kizuizi kikubwa si vifaa. Multimita ya kawaida na mashine ndogo ya kusomea misimbo vinapatikana. VETA inafundisha umeme wa magari, na Kagera ina chuo chake cha mkoa cha Burugo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2022. Kizuizi ni sisi wenye magari. Tunamlipa fundi kwa kufunga kifaa, hatutaki kumlipa kwa kutafuta ubovu. Akitumia saa mbili kupima na kugundua waya mmoja uliooza, tunasema, "Si umegusa waya tu?" Kwa hiyo anajifunza kutokana nasi: anatuuzia sensa.

Tubadilishe mapatano. Kabla gari halijafunguliwa, mwenye gari na fundi wakubaliane bei ya kipimo peke yake, iwe kifaa kitanunuliwa au hapana. Fundi naye aandike namba alizozipata na kumkabidhi mteja. Fundi atakayelipwa kwa kusema "sensa yako ni nzima, usinunue" hatakuwa na sababu ya kukudanganya, na fedha utakayompa itakuwa ndogo kuliko bei ya pampu uliyokuwa unaelekea kuinunua bure.